Jina la mnyama likigoma kutafsirika: dalili, sababu na tiba

Anayefasiri filamu za mbugani, vitabu vya watoto au vipeperushi vya hifadhi kutoka Kiingereza hukwama mahali pale pale. Sarufi inakwenda, istilahi za mazingira zinapatikana, kisha anajitokeza mnyama mmoja mwenye jina la ajabu na kazi yote inasimama. Afadhali hata ikisimama. Ubaya ni pale inapoendelea: mfasiri anaandika neno la kwanza lililomjia, mhariri halimshtui, na mtoto wa darasa la nne anafundishwa kuwa kuna mbweha mwenye mabawa.

Hitilafu hizi hujirudia, kwa hiyo nimezipanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi ndiyo imetangulia, na ukaguzi mwepesi unakuja kabla ya ukarabati mzito. Palipoandikwa SIMAMA, simama kweli. Hapo kosa halimchekeshi mtu.

Kabla ya dalili yoyote

Usianze na kamusi, anza na mnyama. Tafuta jina lake la kisayansi, yale maneno mawili yenye sura ya Kilatini yanayoandikwa kwa herufi za mlazo, kwa utaratibu uliowekwa na Carl Linnaeus na unaohesabiwa kwa wanyama tangu mwaka 1758. Kama matini yenyewe haina, ensaiklopidia yoyote itakupa. Kisha tazama picha, tena zaidi ya moja. Kisha jiulize anaishi bara gani. Mwisho jiulize nani atasoma: mwanafunzi, mtalii, mkulima au hakimu.

Haya yote ni kazi ya dakika chache, na nusu ya malalamiko yaliyo hapa chini yasingezaliwa kama yangefanyika. Jina la Kiingereza lichukue kama fununu tu. Anayefasiriwa ni mnyama.

Dalili ya kwanza: kila neno ni sahihi, lakini msomaji anamwona mnyama mwingine

Hii ndiyo inayoongoza kwa malalamiko.

*Sababu ya kawaida kuliko zote: jina la Kiingereza lenyewe linadanganya.* Waliotunga majina haya wengi walikuwa mabaharia na walowezi. Walipomkuta mnyama mgeni walimpa jina la yule waliyemwacha kwao. "Flying fox" ni popo mkubwa alaye matunda. Ana uso mrefu tu, basi wakamwona mbweha. Sisi tunaye wetu, popo wa Pemba, *Pteropus voeltzkowi*, asiyeishi porini mahali pengine popote duniani. Ukifika Kidike utawakuta wananing'inia mitini mchana kweupe. Kumwandikia Mpemba "mbweha arukaye" ni kumtafutia ugomvi bure.

"Guinea pig" naye hana undugu na nguruwe wala hakutoka Guinea. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania wapo wanaomfuga kwa kitoweo na wanamwita simbilisi, kwa hiyo "nguruwe wa Guinea" ni usumbufu usio na sababu. "Prairie dog" ni jamaa ya kindi anayechimba mashimo kwenye nyika za Amerika Kaskazini, akapewa ubwa kwa sababu ya mlio wake.

Sasa tazama sentensi hii: *Kuku wa mlimani hutaga mayai yake kwenye kiota cha povu, ndani ya shimo.* Kuku anataga, mayai yapo, kiota kipo. Mhariri aliyechoka ataipitisha saa kumi jioni bila kukunja uso. Kitu kimoja tu ndani yake kinapiga kelele, nacho ni povu. Kuku gani anatengeneza kiota cha povu? Hakuna. "Mountain chicken" ni chura, *Leptodactylus fallax*, mkubwa na mnene, wa visiwa vya Dominica na Montserrat. Watu wa huko walimla sana, na jina likatoka mezani.

Ukaguzi mwepesi: ziba jina la mnyama kwa kidole, soma sentensi iliyobaki, ujiulize ni mnyama gani anayeelezwa. Kama jibu linapingana na jina ulilolificha, jina ndilo lenye makosa. Kipimo hiki hakihitaji intaneti wala kamusi.

Majina ya baharini ndiyo mabaya zaidi, maana Kiingereza kimezoea kumwita kila kinachoelea samaki. "Jellyfish", "starfish" na "cuttlefish" hakuna hata mmoja aliye samaki. Pwani yetu ilishamaliza kazi hiyo zamani: yavuyavu, ambaye wengine humwita konyeza, kiti cha pweza, na dome. Mfasiri aliyekulia bara huandika "samaki nyota" na kudhani ametunga istilahi, wakati mvuvi wa Bagamoyo ana neno zuri kuliko lake.

*Sababu ya pili: kivumishi kina maana usiyoitarajia.* Mkulima wa mahindi analijua tatizo hili bila kujua Kiingereza. "Fall armyworm" aliripotiwa Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, akasambaa kwa kasi, na tafsiri za haraka zikasambaa naye. Ukimwandika "kiwavijeshi wa kuanguka", mkulima ataangalia chini ya mahindi akitafuta kilichoanguka. Neno "fall" hapo ni ule msimu wa Marekani ambapo majani hupukutika. Jina lililokubalika Tanzania ni kiwavijeshi vamizi, na linasema jambo la maana zaidi kuliko la Kiingereza: huyu si kiwavijeshi tuliyemzoea, amevamia kutoka ng'ambo.

"Giant pouched rat" ni mtego wa aina hiyohiyo. Ukiandika "panya mkubwa mwenye mfuko", msomaji anamfikiria kangaruu aliyekonda. Mifuko inayosemwa iko mashavuni, ya kubebea chakula. Huyu ni panya buku, yuleyule anayefunzwa Morogoro na shirika la APOPO, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Habari ile ilipoingia kwenye Kiswahili kwa majina ya kubuni ilikuwa aibu kidogo, maana shujaa mwenyewe alikuwa na jina la nyumbani.

Angalia pia "lesser" na "greater". Hivi vinatenganisha spishi, wala havihusu umri. "Lesser kudu" ni tandala mdogo na "greater kudu" ni tandala mkubwa, lakini kwa Kiswahili "tandala mdogo amezaliwa" inaweza kusomeka kama ndama. Tiba: spishi iite tandala mdogo mwanzo hadi mwisho, na mtoto mwite ndama wa tandala. Heroe mdogo ("lesser flamingo") wa Ziwa Natron anahitaji uangalifu uleule, kwa kuwa pale ndipo wanapozaliana, na matini inaweza kuwa na heroe mdogo aliye mzee na heroe mdogo aliyeanguliwa jana.

*Sababu ya tatu, si ya kila siku: ni jina la sokoni.* "Bombay duck" ni samaki anayekaushwa, wa pwani ya India. Na "dolphin" kwenye orodha ya vyakula ya hoteli za Florida kwa kawaida si pomboo; ni samaki ambaye wavuvi wetu humwita fulusi. Ukikuta pomboo amechomwa kwa limau kwenye tafsiri yako, rudi nyuma.

*Ukarabati.* Ukishamjua mnyama, tafuta jina lake kwa wanaoishi naye: wavuvi, askari wa wanyamapori, wakulima, wafugaji wa nyuki. Likikosekana, taja jamaa yake na makazi yake: chura mkubwa wa Dominica, kindi wa nyika za Amerika. Kwenye maandishi ya chini ya filamu huna nafasi ya maelezo marefu, kwa hiyo mtambulishe mara moja kwa ukamilifu anapotokea, kisha mwite kwa ufupi, "chura huyu", na uendelee.

Jambo moja dogo linalookoa wengi: kwenye majina ya Kiingereza ya maneno mawili, mwenye mwili hukaa mwisho. "Whale shark" ni papa, na unyangumi ni ukubwa wake tu. Anayeandika "nyangumi papa" amemgeuza kichwa kuwa mkia. Kanuni hii ina wavunjaji, yule mbwa wa nyika akiwa mmoja wao, lakini ni pa kuanzia.

Dalili ya pili: neno la Kiswahili lipo, ila linabeba wanyama wawili

*Sababu ya kawaida: neno letu lilikwenda kazini mara mbili.* Mfano mkubwa ni mbwa mwitu. Wafasiri wa Biblia walilitumia kwa "wolf", na kila Mkristo anawajua mbwa-mwitu wakali waliovaa mavazi ya kondoo. Hifadhini, mbwa mwitu ni yule mwenye mabaka na masikio ya duara, *Lycaon pictus*, anayewindwa kwa kamera Selous na Ruaha. Wote wawili wana haki ya jina. Tatizo linaanza wanapokutana kwenye ukurasa mmoja, na wanakutana mara nyingi kwa sababu Waingereza siku hizi wanapenda kumwita huyu wetu "painted wolf".

Ukaguzi: je, matini ina mmoja tu au wote wawili? Kama ni mmoja, acha neno lilivyo, muktadha utalibeba. Kama ni wote, ongeza mahali tangu mwanzo, mbwa mwitu wa Afrika na mbwa mwitu wa Ulaya, na usilegeze kamba katikati ya ukurasa.

Kakakuona ni shauri zito zaidi. Zipo kamusi zinazompa neno hili "pangolin", "armadillo" na hata "anteater", watatu kwa mkupuo. Kakakuona halisi ni wa Afrika na Asia, na magamba yake ni ya keratini, kitu kilekile kinachotengeneza kucha zako. "Armadillo" ni wa mabara ya Amerika na ana mabamba ya mfupa. "Anteater" ana manyoya na hana gamba hata moja. Ushauri wangu ni mkali hapa: kakakuona abaki wetu peke yake, na wale wawili watafutiwe pengine. Andika armadilo, na kwa wa tatu mla-mchwa wa Amerika Kusini. Sababu ya ukali huu utaiona mwisho wa mwongozo.

Pimbi naye ana hadithi. Kwa wengi ni yule mnyama mdogo wa kwenye majabali. Wa mitini, anayepiga kelele usiku kama mtu anayenyongwa, ni perere. Lakini wapo wanaomwita simbilisi pimbi, na mitaani pimbi ni tusi kwa mtu mfupi au asiye na maana. Biblia ya Union ilikwepa yote kwa kutumia wibari. Kwa kitabu cha shule, pimbi inatosha ukiweka picha. Kwa makala ya kisayansi, weka jina la kisayansi pembeni. Kwa vichekesho, fikiria mara mbili.

Halafu mhanga, jina la "aardvark", yule mchimba mashimo wa usiku mwenye masikio ya punda. Ni jina safi kabisa hadi litakapoingia kwenye wingi. "Wahanga watatu waonekana Tarangire" ni kichwa cha habari kitakachomfanya mtu apige simu polisi, kwa sababu magazeti yameshalifanya neno wahanga kuwa la watu waliopatwa na maafa. Tumia umoja kila unapoweza, au andika "mhanga, mnyama mchimbaji".

Nyumbu wa Serengeti na nyumbu mtoto wa punda na farasi hawasumbui sana; mazingira huwatenganisha. Nguva wa majini na nguva wa hadithi, nusu mtu nusu samaki, nao ni hivyohivyo.

Si sisi tu tunaopata taabu hii. Wadenmaki humwita simbilisi *marsvin*, na neno hilohilo ni jina la jamaa mdogo wa pomboo anayeishi kwenye bahari zao. *Blæksprutte* yao inawabeba pweza na ngisi kwa pamoja, wakati mchuuzi wa Feri pale Dar es Salaam hawezi kukuuzia mmoja kwa jina la mwingine mkaelewana bei.

*Sababu isiyo ya kawaida: majina ya Kiingereza yenyewe yamegawanyika au yamebadilika.* "Elk" wa Mwingereza na "elk" wa Mmarekani ni wanyama wawili tofauti. "Buffalo" wa Mmarekani ni baisoni, si nyati wa Mikumi. "Turtle" kwa Mwingereza ni kasa wa baharini. Mmarekani anamwingiza humo hata anayetembea nchi kavu, ambaye kwetu ni kobe bila mjadala. Kwa hiyo angalia mwandishi ametoka wapi.

Mnyama wa milima ya Ethiopia, *Canis simensis*, amewahi kuitwa kwa Kiingereza mbweha ("fox"), bweha ("jackal") na mbwa mwitu ("wolf"), kutegemea kitabu na kizazi. Na yule bweha dhahabu wa Serengeti tuliyemzoea alihamishwa ukoo mwaka 2015, baada ya wataalamu wa vinasaba kuonyesha kwamba wa Afrika yuko karibu zaidi na mbwa mwitu kuliko na bweha dhahabu wa Asia na Ulaya. Matini za Kiingereza zikaanza kumwita "African golden wolf". Je, nasi tumgeuze? Mimi sioni haja. Bweha ni jina la mwenendo wake na mwili wake machoni petu, na waongoza watalii hawakumwacha. Andika bweha dhahabu, weka *Canis lupaster* pembeni, msomaji makini ataelewa.

Dalili ya tatu: neno la Kiingereza linafanana na la Kiswahili, ukaliacha lilivyo

Sababu ni moja tu: jina la Kiingereza lilikopwa kutoka lugha za Afrika, likarudi likiwa limevaa maana nyingine. "Black mamba" ni nyoka. Kwa Kiswahili mamba ana miguu minne na anaishi mtoni. "Mamba mweusi alimng'ata mguuni" inampeleka msomaji ukingoni mwa Rufiji, wakati mgonjwa ameng'atwa na koboko kwenye kichaka. SIMAMA hapa kila mara. Maneno haya mawili yakichanganyika kwenye maelekezo ya huduma ya kwanza, matokeo yake si ya kuhaririwa tena.

"Bongo" ni mnyama wa msituni mwenye mistari meupe, na wale wa milimani wamebaki Kenya, kwenye misitu kama ya Aberdare na Mlima Kenya. Ukiandika "Bongo yuko hatarini kutoweka", msomaji wa Mbagala atadhani ni makala ya siasa. Andika "swala bongo" au "bongo wa mlimani", kwa herufi ndogo, na mtangulize na neno mnyama anapotokea mara ya kwanza.

Upande wa pili wa dalili hii unafurahisha: jina la Kiingereza ni letu na halihitaji kufasiriwa. Kipunji, aina ya kima wa Rungwe, alipotambulishwa kisayansi mwaka 2005, Waingereza walimwita kwanza mangabey wa nyanda za juu. Mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, *Rungwecebus*. Jina kipunji lilikuwa tayari midomoni mwa wenyeji. Mfasiri anayehangaika kulitafutia neno la Kiswahili anatafuta miwani aliyoivaa.

Dalili ya nne: msomaji wa mkoa mwingine anasema "sisi hatumwiti hivyo"

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Tembo na ndovu ni mnyama mmoja, na chaguo lako linaonyesha tu umekulia wapi. Usibadilishe kwa kuogopa; chagua moja na ulishike.

Papa nyangumi ana majina ambayo ningemshauri mtu ayaonee wivu. Mafia, boti zinapotoka Kilindoni msimu wake, wanamwita potwe. Kenya wanamwita papa shilingi, na ukimwona kutoka juu huhitaji maelezo: mgongo wa rangi ya zege, mpana kuliko mtumbwi, umetapakaa madoa meupe ya mviringo mithili ya sarafu zilizomwagwa kwenye meza ya duka. Kwa filamu itakayoonyeshwa Afrika Mashariki yote, nisingetumia lolote kati ya haya peke yake. Papa nyangumi kwanza, kisha "ambaye Mafia huitwa potwe", halafu endelea na potwe kama kisa kinatokea Mafia.

Wakati mwingine tofauti ya mkoa inaficha kosa la kweli. Nungunungu na kalunguyeye hubadilishana majina vitabuni kila siku. Nungunungu ni mkubwa, mwenye miiba mirefu ya madoa meusi na meupe. Kalunguyeye ni mdogo anayeenea viganjani na hujikunja akawa mpira. Mlalamikaji akikwambia "kwetu ni kinyume", mwonyeshe picha kabla hujakubali.

Dalili ya tano: kamusi zote kimya

Sababu ya kawaida ni kwamba umetafuta kwenye kamusi ya jumla. Sange, kwa mfano, yule mdogo mwenye pua inayochezacheza ambaye Kiingereza humwita "elephant shrew", hapatikani kwenye kila kamusi, lakini yupo. Na safari hii Kiingereza kilipatia kwa bahati: kwa vinasaba, sange yuko karibu zaidi na tembo kuliko na panya, na ukoo huohuo mpana una pimbi, mhanga na nguva. Spishi yake kubwa yenye uso wa kijivu ilitambulishwa kutoka Udzungwa mwaka 2008.

Sababu ya pili ni kwamba mnyama ni wa mbali na hatujawahi kumhitaji. Hapo kukopa si dhambi. Tulishakopa dubu kutoka Kiarabu na kangaruu kutoka Kiingereza, wakakaa. Liandike kama linavyotamkika, lifungwe kwa irabu: koala, rakuni, armadilo. "Killer whale" ningemkopa pia, orka, kwa sababu "nyangumi muuaji" anapotosha mara mbili. Yuko kwenye familia ya pomboo, na kuua ndiko kula kwake, sawa na simba.

Kuunda jina jipya ni njia ya mwisho. Ukiunda, lisome kwa sauti mbele ya mtu asiyeijua matini. Akiuliza "ndiyo nini?", kopa.

Chui milia na simbamarara ni kesi ya pekee: maneno mawili mazuri kwa mnyama mmoja, yote yana watetezi. Chagua moja kwa kitabu kizima. Maandishi niliyoyaona mabaya zaidi ni yale yanayoyatumia yote mawili kana kwamba ni wanyama wawili, mmoja akimkimbiza mwenzake.

Dalili ya sita: jina limepatikana, sentensi inayumba

Mnyama ni mnyama hata jina lake likianza na ki-. Kifaru amekufa, viboko wamevamia shamba. Kimekufa na vimevamia ni vya kifaru cha jeshi na viboko vya kuchapia. Jina la kukopa nalo linaingia palepale: koala huyu, orka wale.

Na majina yenye mwenyewe? Joseph Thomson alipita Umasaini mwaka 1883, na swala wakabaki na jina lake. "Swala wa Thomson" anasikika kama aliyefugwa nyuma ya nyumba ya mzungu. Waongoza watalii walishasawazisha: swala tomi, na mwenzake swala granti. Tumia hayo.

SIMAMA: hapa mwite anayejua

*Kesi na nyaraka za biashara.* Hati ya mashtaka inayotaja nyara za Serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 haihitaji mfasiri mbunifu. Spishi zote za kakakuona zimo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu mwaka 2017. Ukimwita armadilo wa watu kakakuona, au kinyume chake, umegusa uhuru wa mtu. "Tortoiseshell" ni mtego mwingine wa aina hii: gamba hilo la biashara hutoka kwa kasa aina ya ng'amba, wala halihusiani na kobe. Omba tamko la mtaalamu wa spishi, na jina la kisayansi libaki kwenye hati.

*Samaki wa kuliwa.* Kiingereza kina majina kadhaa kwa samaki anayejijaza akavimba. Kwetu wengi wao wanaangukia kwenye bunju, na bunju anaua. Mapishi, lebo au tangazo la soko lenye samaki usiyemtambua kwa hakika lisitoke mkononi mwako kabla afisa uvuvi au mtafiti wa samaki hajaliona.

*Dawa za kuulia wadudu.* Jina la mdudu kwenye lebo huamua kipimo na muda wa kunyunyizia. Usifasiri kwa kukisia. Ofisa ugani wa wilaya ana majina yanayotumika na wizara.

*Kuumwa na nyoka.* Usibuni, usifupishe, usipambe. Koboko ni *Dendroaspis polylepis*, kifutu ni *Bitis arietans*, na yule wa mitini ambaye Kiingereza kilimkopa kwa Makaburu kwa jina la "boomslang" ni *Dispholidus typus*, mwenye dawa yake peke yake, tofauti na inayotumika kwa wengine. Maneno hayo ya kisayansi yaache yalivyo kwenye maelekezo ya hospitali, na Kiswahili kiandikwe kando yake. Kabla ya kuchapa, mpelekee daktari na mtaalamu wa nyoka nakala moja yenye picha, eneo ambako nyoka hupatikana, jina la kisayansi na majina yote ya mtaani uliyoyakusanya, hata yale usiyoyaamini, na usubiri jibu la wote wawili.